Kobe, Ng'ombe, Basi

Tulimlipizia kisasi Bwana Elisha kwa waya wa breki ya baiskeli, na mkono uliouvuta waya huo ulikuwa wangu. Nilikuwa na miaka tisa. Sikuteleza, sikusukumwa, wala sikuwa nacheza. Niliuvuta hadi mwisho wake, nikauona mdomo wa Bwana Elisha ukifunguka na kufungwa bila sauti, kama wa samaki aliyetupwa mchangani, na nikafurahi kuliko nilivyowahi kufurahi siku ya nguo mpya.

Nisingeyakumbuka haya kwa mpangilio kama si harufu. Wiki iliyopita nilipita mbele ya kibanda cha fundi anayesuka mota. Alikuwa ameanika mota moja juani, nyaya zake zimetoka tu kupakwa vanishi, na harufu ile nzito, nusu sukari nusu dawa, ikanishika nikasimama katikati ya njia. Fundi akaniuliza, "Mama, umeleta nini?" Nikamwambia sijaleta kitu. Nikaenda nyumbani, nikaketi, nikaanza kuyapanga.

Baba yangu, Fundi Mwita, alikuwa Mkuria wa Ntimaru. Mama alikuwa Mjaluo wa Karungu. Walikutana kwenye kambi ya mgodi upande wa Migori, wakaoana, na kwa kuwa kila mmoja aliicheka lugha ya mwenzake, nyumbani tulisema Kiswahili, kile cha mgodini kisichojali ngeli. Wakati ninaousimulia, miaka michache baada ya bendera kubadilishwa, mgodi ulikuwa unakufa polepole. Wazungu waliondoka mmoja mmoja, na kila aliyeondoka aligawa vitu vyake: huyu kabati, yule mbwa.

Mzungu wa karakana, bwana mmoja mwembamba, alikuwa na tabia ya kutengeneza magarimoshi madogo ya kuchezea baada ya kazi. Kwa ajili hiyo alikuwa na mashine yake binafsi, si ya mgodi: mashine ya kuchonga chuma, ndogo kiasi cha kubebwa na watu wawili. Ilikuwa na meza ya chuma iliyokwenda kushoto na kulia, mbele na nyuma, kwa mikono miwili ya kuzungusha, na juu yake kisu cha duara kilichokula chuma unyoya kwa unyoya. Mzungu aliiita milingi, na baba naye akaiita milingi. Jioni moja, barazani kwake, yule Mzungu aliweka mkono juu ya mashine akamwambia baba, "Mwita, hii ni yako sasa." Hakuandika karatasi. Watu waliokuwapo ni watatu: Mzungu, baba, na Bwana Elisha, karani wa stoo, aliyekuwa amefuata saini.

Mzungu akaenda kwao, na hakuna aliyejua kwao ni wapi hasa. Meneja mpya alipokuja kuhesabu vitu, akauliza ile mashine iko wapi. Baba akasema alipewa, na Bwana Elisha ni shahidi. Bwana Elisha akaitwa. Alikuwa mtu wa kuja, kazi ndiyo iliyomleta kutoka mbali. Hakujua Kijaluo wala Kikuria, ila Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Akasimama mbele ya meneja akasema neno moja.

"Sikusikia."

Hakusema kwamba baba hakupewa; huo ungekuwa uongo, na uongo unaweza kushikwa. Alisema hakusikia, na mtu asiyesikia utamfanya nini? Mama alisema baadaye kwamba Bwana Elisha aliitaka ile mashine mwenyewe. Mimi sikuhitaji sababu. Nilihitaji tu kujua wa kumchukia.

Karatasi ya polisi iliandikwa kwa Kiingereza, kwamba Mwita ameiba mashine ya milingi. Askari wawili waliotumwa kwetu walijua maana moja tu ya neno hilo: kusaga mahindi. Wakatafuta mashine ya posho. Wakapima kwa macho mlango wa jikoni kama mashine ya posho ingeweza kupita. Milingi yenyewe ilikuwa barazani chini ya gunia, na askari mmoja aliweka kofia yake juu ya gunia hilo ili apate kuinama vizuri chini ya kitanda. Mwisho wakachukua unga wa mama, debe zima, uwe ushahidi. Meneja alipowaeleza wakarudi kuchukua mashine, lakini unga haukurudi, na kutoka siku hiyo jina la baba katika Migori likawa Mwizi wa Unga. Shuleni wenzangu waliniuliza, "Robi, leo unga bei gani?"

Baba alilala selo siku tisa. Kesi ikatupwa kwa kukosa ushahidi, mashine ikarudishwa imelowa mvua, kazi ya mgodini ikawa imekwenda. Lakini kilichomuuma zaidi kilikuwa kanisani. Tulikuwa Wasabato, na baba alikuwa mwalimu wa watoto kila Sabato asubuhi. Ndiye aliyetufundisha kuimba kwa sauti nne. Wazee wa kanisa wakamwita wakamwambia akae benchi la nyuma kwanza.

"Mahakama imekuachilia, ndugu Mwita," mzee wao alisema, "lakini haijakusafisha. Lete shahidi, uje ufundishe."

Shahidi alikuwa mmoja duniani, na alikuwa amekaa benchi la mbele, shemasi, kitabu cha nyimbo mapajani. Tulipokuwa tunarudi nyumbani baba akasema, "Atasema. Iko siku atasema mbele ya watu." Mama akajibu, "Atasema akiwa amepiga magoti." Wao walikuwa wanasema vitu viwili tofauti. Mimi nilisikia kimoja, na kilikuwa cha mama.

Tukahamia Migori mjini, chumba kimoja na ua nyuma ya soko. Bwana Elisha naye aliacha mgodi, akatangaza kwamba anafungua mashine ya posho barabara ya pili. Baba alipopata habari hiyo hakukasirika. Aliitazama milingi, akasema, "Mashine ya posho ni chuma, na chuma huisha." Katika mji mzima hakukuwa na mashine nyingine ya kuchonga mtaro ulionyooka kwenye chuma. Atakayehitaji aende Kisumu, au aje kwa Mwizi wa Unga.

Tatizo ni kwamba milingi ilikuwa imekufa. Mota yake ilioza kwenye ghala la polisi. Baba aliokota nyingine kwenye chuma chakavu cha mgodi, mota ya feni ya kupeleka hewa chini ya ardhi, nzuri, nzito, lakini ya stima ya nyaya tatu. Akamweleza mama kwa mfano wa kinu. Stima ya kawaida, alisema, ni mwanamke mmoja anayetwanga: mchi unapanda, mchi unashuka, katikati kinu kinangoja. Hii ni wanawake watatu kwenye kinu kimoja, kila mmoja kwa zamu yake, kinu hakipumziki hata kidogo. Ndiyo maana mota yake huanza yenyewe na huvuta kwa nguvu laini. Mama akauliza hao wanawake watatu watatoka wapi. Baba akasema amesikia kiwanda cha pamba Homa Bay kinauza jenereta mbili za namna hiyo, moja nzima, moja iliyoungua, zote bila injini.

Mimi nilikuwa mlangoni nachambua mchicha. Nilichosikia ni kwamba mashine ya baba haiwezi kwenda bila stima tatu, na stima tatu ziko Homa Bay.

Stima niliyoijua mimi ni meli. Mama alinisimulia tangu nikiwa mgongoni: stima nyeupe inayotoa moshi, inayopiga honi na kubeba marobota ya pamba. Kwa hiyo baba aliponichukua kwenda Homa Bay, juu ya lori la magunia, sikuuliza swali hata moja. Nilikuwa nawaza tu tutazirudishaje Migori, kwa kuwa kule kwetu kuna mto tu. Tulipofika, baba alinikalisha karibu na gati chini ya kivuli cha ghala, akaenda kumtafuta mwenye ufunguo wa kiwanda, ambaye alikuwa hajarudi kutoka kula. Nikakaa nahesabu. Kulikuwa na stima moja tu. Nikaenda kumuuliza karani wa gatini.

"Zile nyingine mbili zinakuja lini?"

"Nyingine zipi, binti?"

"Tunangoja tatu."

"Tatu!" Akawageukia wapagazi. "Jamani, huyu anangoja stima tatu. Hapa inakuja moja, na hiyo moja yenyewe ikipenda."

Wakacheka. Nyuma yao akacheka mtu mwingine, kicheko cha taratibu, nikageuka nikamwona Bwana Elisha. Alikuwa amekuja kupokea mashine yake ya posho, imo ndani ya makasha. Akaninunulia andazi. Akachuchumaa, viatu vyake vikalia, akaniuliza kwa sauti ya kanisani, "Stima tatu za nini, Robi?"

Nikamweleza. Nilikuwa mtoto niliyefundishwa kuwajibu wakubwa, na nilieleza kwa mpangilio: mota ya feni, kinu, wanawake watatu, kiwanda cha pamba, moja nzima na moja mbovu, mwenye ufunguo anarudi saa nane. Akanisikiliza mpaka mwisho. Siku hiyo alisikia kila kitu. Kisha akanipapasa kichwa, akaondoka haraka, na mimi nikala andazi lake lote.

Baba aliporudi kunichukua tukafika kiwandani, jenereta nzima ilikuwa inafungwa kamba. "Imechukuliwa," mwenye ufunguo alisema. "Bwana mmoja wa Migori, sasa hivi. Anasema mashine yake ya posho ataiendesha kwa stima." Baba akanitazama. Sukari ya andazi ilikuwa bado kidevuni. Hakunipiga wala hakuuliza. Akainunua ile iliyoungua, na kwenye lori, vumbi lilipotulia, akaniambia.

"Robi, stima ni ile inayoelea majini. Na stima ni ile inayopita kwenye waya. Sisi tulikuja kwa ya waya."

"Mbona zina jina moja?"

Akafikiri. "Sijui. Labda zilikuja na watu walewale."

Nililia, na baba akadhani nalia kwa sababu ya kosa langu. Nilikuwa nalia kwa sababu ya andazi. Lilikuwa tumboni na sikuweza kulitoa.

Kufufua jenereta iliyoungua kulichukua msimu mzima wa mvua. Baba alizitoa nyaya za zamani, nyeusi kama viberiti vilivyowashwa, akahesabu mizunguko ya kila moja kabla ya kuitupa. Kisha akasuka mpya, waya wa shaba mwembamba uliopakwa rangi ya kahawia, kwa mkono, akipitisha kwenye matundu ya chuma yaliyopangwa katika duara. Mama ndiye aliyehesabu, na hesabu ya mama ilikuwa na mtindo wake. Kila akifika ishirini alitaja kitu kimoja cha Bwana Elisha. "Kumi na tisa, ishirini, kipara chake. Thelathini na tisa, arobaini, viatu vyake vinavyolia. Hamsini na tisa, sitini, lile shavu analoliwekea mkono akiomba." Baba akicheka mzunguko hulegea, ikabidi wafumue. Lakini hawakuacha. Bobini za jenereta ile, yaani mafungu yake ya waya, zote zilisukwa kwa dhambi za mtu mmoja.

Vanishi iliyopakwa juu ya nyaya ilihitaji kuokwa ili ikauke, na tanuri lilikuwa kwa Mzee Bakari, mtu wa pwani aliyekuwa na hoteli na duka la mikate jirani na soko. Alikubali kila akimaliza mkate wa asubuhi. Siku ya tatu alikuja uani kwetu kashika kiuno.

"Fundi Mwita, wateja wananiambia mkate wangu unanuka jeneza."

"Waambie ni dawa ya minyoo, mzee."

"Nimewaambia. Sasa wanaulizia wa wiki ijayo."

Baba akaifunga jenereta kwa mkanda kwenye injini ya dizeli iliyowahi kuvuta maji mgodini, akaiweka uani chini ya bati, kwa kuwa moshi wake haukuvumilika chumbani. Nyaya tatu zilipita dirishani hadi kwenye milingi. Mara ya kwanza kisu kilizunguka kinyume. Baba hakushtuka, alizima, akabadilisha nyaya mbili kati ya tatu, zozote mbili, kikazunguka sawasawa. Mama akapiga kigelegele, na mwenye chumba cha pili akaja kuuliza nani kaoa.

Halafu likaja jambo ambalo hata yule Mzungu hakuwa nalo. Yeye kila akitaka kubadilisha mwendo alizima mashine, akahamisha mkanda kutoka puli kubwa kwenda puli ndogo, akawasha tena. Alikuwa na subira ya mtu anayetengeneza garimoshi la kuchezea. Baba aligundua kwamba kwa kuwa jenereta ni yake peke yake, mota hufuata injini kama kivuli. Injini ikienda polepole, mota huenda polepole. Injini ikikimbia, nayo hukimbia. Kumbe mwendo wa kisu ulikuwa kwenye mafuta ya injini. Akachukua waya wa breki wa baiskeli yake, akaufunga kwenye kifimbo cha kuongezea injini mafuta, na mwisho wake akaweka mpini wa breki wenyewe, umepigiliwa misumari kwenye nguzo. Kubana ni kukimbiza, kuachia ni kupunguza. Tangu siku hiyo baba aliisimamisha baiskeli kwa miguu yake mwenyewe.

Waya wa baiskeli ni mfupi, haukufika ndani. Na mikono ya baba yote miwili ilikuwa kwenye meza ya milingi. Basi mtu mmoja alikaa uani kwenye mpini, naye baba akapiga kelele dirishani. Kwa kuwa namba hazisikiki vizuri kwenye mngurumo, tukatumia majina. Kobe, kwa chuma kigumu. Ng'ombe, kwa chuma laini. Basi, yaani mwendo wa basi la Kisumu likiteremka mlima, kwa shaba na bati nene. Akitaka kuzima alisema "Zima." Watu wa sokoni walikuwa wakipita wanasikia "Kobe! Kobe! Ng'ombe!" wakasema Mwizi wa Unga amefungua shule ya wanyama. Mama alikaa kwenye mpini asubuhi, mimi nikitoka shule. Kufika mwisho wa mavuno yale, kila mwenye pampu, baiskeli ya mizigo au cherehani iliyovunjika alijua njia ya ua wetu. Walikuja, walishukuru, na bado walisema Mwizi wa Unga, ila sasa kwa mazoea.

Bwana Elisha aliharibikiwa juma moja lenye mahindi mengi kuliko yote. Puli ya mashine yake ya posho ilishikiliwa kwenye mti wa chuma na kipande kidogo wanachokiita kii, kinacholala kwenye mtaro. Kii kikakatika, mtaro ukaliwa, puli ikawa inazunguka peke yake na mahindi yanatazamana na mawe. Kwanza alimtuma kijana wake. Baba akamrudisha: "Mwambie aje mwenye mdomo." Siku mbili hakuja. Siku ya tatu ilikuwa Ijumaa. Bwana Elisha alikuwa Msabato, jua likizama hasagi tena hadi kesho yake jioni, na foleni ya wanawake wenye madebe na vikapu ilikuwa imefika barabarani. Saa tisa akaja, puli na mti wake vimebebwa kwenye mkokoteni, na nusu ya foleni ikaja nyuma yake kuona.

Nilikuwa kwenye mpini. Mama alikuwa amesimama na wanawake, kanga imekazwa kiunoni. Mzee Bakari alitoka na taulo begani. Baba alikuwa dirishani, mikono kwenye meza ya milingi.

"Fundi Mwita, nina shida," Bwana Elisha alisema.

"Kobe," baba aliniambia. Nikabana kidogo. "Sema, Bwana Elisha. Mashine inanguruma, sisikii vizuri."

"Puli imekula kii!"

"Hiyo nimesikia. Nitakuchongea leo leo. Kuna kingine sijasikia."

Watu wakaanza kuelewa. Nilisikia minong'ono ikipita kama upepo kwenye majani ya mahindi.

"Mambo ya zamani hayo, ndugu yangu."

"Ng'ombe!" baba alisema. Nikaongeza. "Sisikii!"

"Nasema ni ya zamani!"

"Sema kwa nguvu, Shemasi!" mwanamke mmoja akapaza sauti. "Mahindi yangu yanaota huku!"

"Jua hilo linakwenda!" mwingine akasema. "Au kesho tule nyimbo?"

Bwana Elisha akalitazama jua. Akavua kofia, na kipara alichokitaja mama kwenye kila bobini kikang'aa jasho. Akamgeukia baba, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa imepigwa pasi.

"Sawa," akasema. "Sawa, Mwita. Siku ile barazani kwa Mzungu, mimi..."

Baba akainua mkono wake wote kutoka kwenye mashine.

"Basi!" akasema. "Basi, Robi! Basi!"

Nikauvuta ule mpini hadi ukagusa nguzo.

Injini ilipiga ukelele ambao haikuwa imewahi kuupiga. Bati la juu likatetemeka, moshi ukashuka uani, kuku wakaruka ukuta. Ndani ya moshi nikauona mdomo wa Bwana Elisha ukisema, ukisema kwa urefu wa sentensi nzima, mishipa ya shingo imesimama. Nilimtazama vizuri ili nisisahau. Kisha mdomo ukafungwa, akavaa kofia.

Baba alitoka chumbani mbio, akanipokonya mpini, akaizima injini kwa mkono wake.

"Umesemaje?" baba alimuuliza.

Bwana Elisha aliwatazama watu, akamtazama baba, akanitazama mimi. Nadhani aliona amepewa zawadi, na alijua imetoka kwa nani. "Nimesema," alijibu. "Ulitaka niseme, nimesema. Puli yangu."

Baba alikuwa ameahidi mbele ya watu, akachonga. Alikataa nishike mpini. Alikwenda uani akauweka mwendo wa kobe kwa kipande cha mti, akarudi ndani, akachonga mtaro ule kwa saa nzima, na ulikuwa mtaro mzuri kuliko yote niliyomwona akichonga. Jua likiwa bado na urefu wa mkono, mashine ya posho ya Bwana Elisha ilisaga.

Watu walipoondoka baba aliketi juu ya debe.

"Robi. Nilisema basi."

"Nami nilivuta basi, Baba."

Katika ua ule neno hilo lilikuwa na maana moja, na yeye ndiye aliyeiweka. Hata hakimu angekubali. Lakini nitaandika kilicho kweli, kwa kuwa waliokuwapo karibu wote wamekufa. Baba akitaka mwendo, sauti yake huwa fupi, ya mtu anayeita mbwa. Ile ilikuwa ndefu, na ilikuwa inaomba. Nilijua anamaanisha yatosha. Nilidhani anamhurumia, na mimi sikutaka ahurumiwe. Nilitaka asimame pale aseme na asisikike, kama baba alivyosema bila kusikika, na niangalie. Sikuelewa kwamba baba hakutaka aibu ya yule mtu hata kidogo. Alitaka sentensi yake.

Wazee wa kanisa waliitisha kikao. Mama alisema Bwana Elisha alitamka "nilisikia", yeye alimsoma midomo. Mzee Bakari, ingawa si wa kanisa, alikuja kwa hiari, akasema aliona mdomo ukianza na "ni-", lakini hataapa, moshi ulikuwa mwingi. Wanawake wawili wa foleni walisema ulianza na "siku-". Bwana Elisha alisema, kwa utulivu, kwamba maneno yake yalikuwa haya: "Sikusikia siku ile, na leo pia sisikii, zimeni injini." Wakacheka kidogo, hata wazee. Mwisho wakamuuliza baba. Angeweza kusema lolote, na nusu ya chumba ingemwamini.

"Mimi nilisikia injini tu," baba alisema.

Shauri likaahirishwa hadi apatikane shahidi mwingine. Halikuitishwa tena. Bwana Elisha alihamia Homa Bay baadaye, akazikwa huko na watu wengi. Baba alikaa benchi la nyuma miaka yote iliyobaki, akiimba sauti ya nne.

Nilipokuwa mtu mzima nilichora ua ule kwenye karatasi na kuweka kila mtu mahali pake. Aliyekuwa karibu zaidi na Bwana Elisha, upande wa mbali na injini, bega lake karibu ligusane na lake, ni mwanamke wa kisiwa cha Mfangano aliyekuwa akipita na karai la samaki wakavu kichwani. Mdomo ulipofungwa, huyo mwanamke aliweka mkono wake mdomoni mwake, akamtazama baba, kisha akaenda zake. Wazee hawakumwita kwa sababu hakuna aliyemjua jina. Nimevuka kwenda Mfangano mara mbili kumuulizia. Mara ya kwanza nilionyeshwa wanawake watatu waliokuwa wakiuza samaki Migori miaka ile, na wote wakasema si wao. Mara ya pili yule wa tatu kati yao alikuwa amekwisha kufa, na binti yake aliniambia kwamba mama yao alikuwa na kisa fulani cha mashine na mtu mwenye kofia, alikuwa akikisimulia akicheka, lakini yeye alikuwa mdogo na hakumbuki kilikuwa kinaishia wapi.